Siti za Kutazamana

Juzi nilipanda basi Morogoro kurudi Mikumi pamoja na mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo. Tulipokaa tu akanionyesha kitufe ubavuni mwa siti. Nikakibonyeza, nikajikuta nimelala chali kama mgonjwa anayesubiri daktari, na mtu wa nyuma yangu akaguna. Neema alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akachomeka simu yake kwenye chaji iliyo pale pale kwenye siti, akaziba masikio kwa vispika vyake, na maongezi yetu yakaishia hapo.

Sikununa. Nilikuwa naipapasa siti. Nimeshona siti za mabasi maisha yangu yote ya kazi, kwenye gereji moja kando ya barabara kuu pale Mikumi, na mpaka leo mkono wangu haukai juu ya siti bila kuikagua. Ile ya juzi ilikuwa nzuri. Sponji ngumu chini, laini juu, mshono umefichwa mahali ambapo makalio hayaugusi. Aliyeishona anaijua kazi, na popote alipo namsalimu. Lakini nilipoinua macho kuwatazama abiria wenzangu niliona visogo vitupu, nikamkumbuka baba yangu na kaka yake.

Kwa hiyo nyie mnaojifunza kazi hii, na nyie mnaoikalia tu, nisikilizeni kidogo. Sitawapangia miaka kwa mfuatano maana hata mimi mwenyewe imenichanganyika.

Mabasi niliyoyakuta yalikuwa ya mabenchi. Bodi ilitengenezwa na seremala juu ya chasi ya lori, na ndani kulikuwa na mabenchi mawili marefu, moja kila upande, mgongo ukiegemea bati. Katikati palikuwa pa mizigo: mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, kuku, na wakati mwingine mbuzi mwenye hasira zake. Watu walikaa wakitazamana, magoti kwa magoti, kutoka Kilosa mpaka Ulaya, kijiji chetu, si Ulaya ya Wazungu, kutoka Ulaya mpaka Mikumi, na wengine wakaendelea mpaka Kidodi na Ruaha kwenye miwa.

Msije mkadhani nawasifia mabenchi. Misumari ilichana khanga za watu. Dereva akifunga breki, benchi zima lilisombwa mpaka mbele, na mtu wa mwisho akapokea uzito wa wote. Mimi na fundi wangu tuliajiriwa kupunguza machungu hayo kwa kuyavisha mabenchi mito mirefu.

Fundi wangu aliitwa Salumu. Babu yake aliletwa kutoka mbali kukata mkonge kwenye mashamba ya huku Kilosa, naye Salumu aliujua mkonge kuliko mtu yeyote niliyemwona. Mito yetu tuliijaza katani, yale mabaki mafupi yasiyofaa kusokota kamba. Unailoweka, unaipiga kwa fimbo, unaianika mpaka ilie ukiifinya. Ukiwa na haraka ukaijaza mbichi, utajuta. Kuna mwaka wa mvua nyingi tulijaza mbichi, na wiki chache baadaye konda akaja gerejini ameshika uyoga mkononi. "Fundi," akasema, "siti yako imeota."

Baada ya hapo Salumu akajaribu sufi. Ni laini, abiria waliipenda, lakini panya waliipenda zaidi. Siku moja karibu na Zombo mama mmoja alihisi kitu kinatembea chini yake, akapiga ukelele, "Nyoka!" na basi zima likamwagika barabarani. Alikuwa panya na watoto wake. Tukarudi kwenye katani.

Kitu kimoja Salumu alinifundisha nakiacha mikononi mwenu, kifanyeni. Siti ikikamilika, alinipakatisha kiroba cha unga, akaniambia nikae hapo wakati wote wenzangu wanakula. "Abiria hasafiri mikono mitupu," alisema. "Mapaja yakibeba, ukingo wa siti ndio unaokata damu." Nikinyanyuka na ganzi, tulifumua ukingo na kuanza upya. Kingine, basi jipya likitoka kwetu, fundi lazima apande safari yake ya kwanza, akae nyuma kabisa, anyamaze. Aliiita safari ya kusikiliza. Siti mbovu hupiga kelele kabla haijavunjika, na ukiwa unaongea huwezi kuisikia.

Sasa nije kwa baba yangu.

Baba alikuwa mkulima wa Ulaya, Mwanglikana wa kiti cha mbele kanisani, mtu wa kofia. Kofia yake ilikuwa ya kitambaa kizito cha kahawia, ya Jumapili na ya gulio, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kaka yake, baba mkubwa Yeremia, aliishi ng'ambo ya mto. Walilima pamoja, wakajenga pamoja, mpaka babu yetu alipofariki na kuacha baiskeli.

Babu alikuwa amemwambia baba mkubwa, "Wewe mkubwa, utaitunza." Na alikuwa amemwambia baba, "Wewe ndiye mwendeshaji." Nadhani mzee alitaka kumfurahisha kila mmoja. Siku ya kuanua tanga, baba mkubwa akaichukua baiskeli kwenda kuitunza. Baba akaiomba aiendeshe. Yakasemwa maneno ambayo siyarudii hapa, mengine yakawagusa hata marehemu. Baada ya hapo hawakukanyagiana kizingiti tena. Baiskeli yenyewe baba mkubwa aliitundika darini, maana kuipanda mbele za watu ingekuwa aibu, na kuitoa ingekuwa kushindwa. Hivyo kwa ajili ya baiskeli moja nzima, wazee wawili wakawa wanapanda basi.

Kila Jumamosi wote wawili walikwenda gulioni Mikumi, baba na ndizi, baba mkubwa na vitunguu. Baba mkubwa alipandia kituo cha kwanza, ng'ambo. Basi lilipofika kwetu lilikuwa limejaa, isipokuwa nafasi moja tu, ile inayotazamana na baba mkubwa. Watu wa Ulaya waliiacha makusudi. Hakuna aliyeamuru wala aliyekaa kikao. Mama wa watu alikuwa tayari kubanwa na gunia kuliko kuikalia nafasi ile.

Baba angeingia, aone, avute pumzi, akae. Magoti yao yakagusana. Na huku kwetu mnajua wenyewe, huwezi kumkalia kaka yako usoni, basi zima linawatazama, usimwamkie.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Basi. Neno lingine halikutoka mpaka Mikumi. Baba akatazama ndizi zake, baba mkubwa vitunguu vyake. Lakini mama yangu aliniambia kwamba kila Jumamosi jioni alimwuliza baba, "Umemwamkia?" na baba akijibu, "Nimemwamkia," mama alilala kwa amani. Ule ulikuwa uzi wa mwisho uliobaki kati ya nyumba zile mbili, na sisi watoto tulijua.

Yakaja mabasi ya kiwandani, na hata yale ya zamani wenyewe wakayaleta kwetu kubadilishwa. Abiria wote watazame mbele. Siti tatu upande huu, mbili upande ule, fremu za bomba, sponji badala ya katani, na reksini nyekundu inayonata mgongoni wakati wa jua. Tulichomelea na kushona kwa furaha kabisa. Watu walikuwa wanatapika kidogo, wanaumia kidogo, na kila mtu alikuwa na mahali pake pa kuegemeza kichwa. Salumu alizeeka wakati huo huo, akaniachia mkasi wake na cherehani nzito, nami nikawa fundi.

Basi la Ulaya tulilibadilisha sisi. Sikufikiri kitu. Ni mama aliyenieleza, nilipokwenda nyumbani kumwangalia baba aliyekuwa na homa.

"Ile shikamoo imekwisha, mwanangu," alisema akiwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Baba yako anakaa mbele, mwenzake yuko nyuma. Akishuka, anashukia mlango wa mbele. Nani atamgeuza shingo?"

"Baba mkubwa amekuja kumwona?"

"Angejulia wapi kwamba anaumwa? Zamani asingemkuta pale mbele yake angeuliza."

Nilirudi kazini na jambo hilo kifuani. Baba alipona, lakini hakuwa kijana, na baba mkubwa miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Niliogopa waziwazi: mmoja atatangulia, na mwingine atasimama kaburini akiwa hajui hata mara ya mwisho waliamkiana lini. Siyo kitu cha kumtakia mtu.

Lile basi lilichoka, mwenyewe akaleta lingine. Mwenyewe alikuwa Mama Zaituni wa Kilosa, mfanyabiashara, mjukuu wa mtu wa reli, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Alitaka siti mbili kwa mbili, zenye migongo mirefu, kama za mabasi yanayopita barabara kuu kwenda Mbeya. Nilianza kupima, nikafika kwenye tabu ambayo kila fundi wa siti anaijua: lile bonge la bati linalofunika tairi la nyuma. Ukiweka siti nyuma ya bonge inayotazama mbele, abiria hana pa kuweka miguu, magoti yanamgusa kidevu. Wengi huacha hivyo hivyo, abiria atajiju. Lakini kuna njia nyingine. Unaigeuza siti ya mbele ya bonge itazame nyuma, itazamane na mwenzake, unazisogeza zote mbili, na abiria wanagawana nafasi ya miguu iliyo katikati. Wewe unyooshe kwangu, nami ninyooshe kwako.

Nilikuwa nimeshaifunga ile iliyogeuzwa Mama Zaituni alipofika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Hii imekuwaje? Umelewa?"

Nikamweleza habari ya bonge na miguu.

"Mtu akirudi kinyumenyume anatapika," alisema. "Mimi mwenyewe nikikaa hivyo kwenye treni nafika nimekufa nusu."

"Wazee wenye miguu mibaya watashukuru, mama. Hapa ndipo mahali pekee ndani ya basi mtu anaweza kunyoosha goti."

Alinitazama. Sijui alisoma nini usoni kwangu, maana habari ya baba na kaka yake ilijulikana njia nzima ile. "Iache," akasema mwishowe. "Lakini siku mtu akitapika hapo, utakuja kufua wewe kwa mkono wako, na siku hiyo hiyo nataka siti yangu itazame mbele."

Nikakubali.

Safari ya kusikiliza ikaangukia Jumamosi. Nilikaa siti ya mwisho kabisa tukitoka Kilosa, masikio wazi. Siti moja ya kulia ililia kidogo kwenye mashimo, nikaiweka akilini. Tulipofika Ulaya, kituo cha ng'ambo, baba mkubwa akapanda akijikongoja na vitunguu vyake. Konda akamshika mkono: "Mzee, kaa hapa, miguu itanyooka." Akamkalisha kwenye ile iliyogeuzwa. Baba mkubwa akanyoosha miguu, akafumba macho kwa raha.

Na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo kikinijia nalainika. Wanawake waliopanda pamoja naye walipita ile siti inayomtazama. Mmoja baada ya mwingine. Wengine wakaweka makapu yao kwenye siti zilizobaki wazi ubavuni mwao ili zisikaliwe. Basi jipya, siti mpya, miaka imepita, na watu wa Ulaya hawakuwa wamesahau.

Kituo cha pili baba akapanda. Kofia kichwani. Akatazama mbele: pamejaa. Akatazama nyuma: makapu. Akaniona mimi. Nikatazama dari, nikijifanya nakagua taa. Baba akasimama pale mpaka konda akasema, "Mzee wangu, gari haliondoki mtu akiwa amesimama," na huo ulikuwa uongo mtupu, gari letu liliondoka kila siku na watu wamesimama. Baba akakaa.

Magoti yao yakagusana.

Hata dereva alikuwa ametega sikio, nilimwona kwenye kioo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Nikashusha pumzi. Nilidhani ndiyo yote niliyokuwa naomba. Mama angeuliza jioni, baba angejibu, na mimi ningekwenda kuikaza ile siti inayolia.

Lakini barabara ile mnaijua, inapinda huku na huku, inapanda na kushuka. Tulipoanza vilima, baba mkubwa akaanza kutoka jasho. Akafumbua macho, akafumba. Midomo ikabadilika rangi.

"Kaka, unaumwa?" baba akauliza.

"Siumwi."

"Unaumwa."

"Nimesema siumwi, Stefano."

Halafu akafumba mdomo kwa kiganja. Hapakuwa na mfuko, konda alikuwa mbele, dirisha lilikuwa jipya na gumu. Baba akavua kofia. Ile kofia. Akaiweka chini ya kidevu cha kaka yake, na mkono mwingine akamshika paji la uso, kama mama anavyomshika mtoto. Baba mkubwa akatapika humo. Kofia haikutosha, na reksini yangu mpya nayo ikapata sehemu yake.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akatoa khanga, mwingine maji. Baba akamfuta mdomo, akamwinua. "Kaa huku kwangu, utazame mbele." Wakabadilishana nafasi. Baba akakaa kinyumenyume juu ya uchafu ule ule, kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

Tukaenda kitambo. Kisha baba mkubwa akasema, sauti imemkauka, "Nitakununulia kofia nyingine."

"Sitaki kofia, kaka."

Baba mkubwa akatazama nje ya dirisha, kwenye migomba inayopita. Nilikuwa nimeacha kusikiliza siti.

"Najua unachotaka," akasema.

Mikumi waliposhuka, baba alibeba ndizi zake na vitunguu vya mwenzake. Mimi nilibaki na ndoo na sabuni, nikafua kama nilivyoahidi, na sijawahi kufua kitu kwa furaha kama ile. Mama Zaituni alikuja jioni, akanusa, akaniambia, "Igeuze." Alikuwa na haki. Watu wengine wangetapika pia, na si kila mtu anakalishwa mbele ya ndugu yake mwenye kofia. Nikafungua nati zote, nikafumua kitambaa, nikaigeuza siti itazame mbele kama nyingine, nikaivisha upya. Ile reksini niliyoifua nikaiweka kando.

Jumamosi iliyofuata basi liliposimama mbele ya gereji, juu kwenye keria kulikuwa na baiskeli. Mnyororo umeota kutu, matairi yamepasuka, siti imeliwa na panya mpaka chuma. Wazee wawili wakashuka, mlango mmoja, wakaja kwangu wakiisukuma, kila mmoja ameshika mkono wake wa usukani.

"Tabitha," akasema baba mkubwa, "tushonee siti."

"Na ya nyuma," akasema baba, akigonga keria ya baiskeli. "Weka mto mnene. Kaka miguu yake haiwezi kukanyaga, atakaa nyuma."

Nikaitoa ile reksini. Wao wakaenda gulioni kununua matairi na mnyororo, nami nikashona siti mbili siku hiyo, na ya nyuma nikaijaza katani kavu iliyokuwa imebaki kwenye gunia la marehemu Salumu, maana sponji ingemchosha mzee kwenye mashimo. Kisha nikamkalisha baba mkubwa juu yake, nikampakatisha vitunguu vyake, nikasubiri.

Jumapili hiyo mama aliwaona wakienda kanisani. Baba anakanyaga, kichwa wazi, na baba mkubwa nyuma amemshika kiuno, anatazama mgongo wa mdogo wake. Nilipomwuliza kama walikuwa wanazungumza, mama alicheka. Alisema walibishana njia nzima.